Kopo la Meneja

Tangu watu wa msibani waondoke na viti vya kukodi virudishwe kwa mwenyewe, Fundi na mama mkwe wake walikuwa hawasemezani ila kwa makaa. Kipande cha makaa kilikaa juu ya kigae kando ya mlango wa banda, na ukuta wa banda ndio uliokuwa karatasi yao. Fundi akimlisha farasi asubuhi, anachora mstari. Mama mkwe akimlisha jioni, anachora wake pembeni. Mistari miwili, siku imekwisha. Mpita njia angedhani ni mfungwa anahesabu siku zake za kutoka, na asingekuwa mbali sana na ukweli.

Jina la Fundi lilitokana na cherehani yake, iliyokuwa sebuleni chini ya dirisha, na mtaa mzima ulikuwa umeshasahau kwamba ana jina jingine. Mama mkwe naye alikuwa na chumba cha nyuma, redio moja na maneno mengi, ingawa maneno hayo siku hizi aliyamaliza kwa kuku na kwa redio. Wanawake hawa wawili walitumia jiko moja kwa zamu, kama walinzi. Mmoja akisikia sufuria inagonga, mwenzake anabaki chumbani mpaka kimya kirudi.

Sababu ilikuwa sentensi moja. Siku ya mazishi, mbele ya ndugu, majirani na watu wa kiwanda cha unga, mama mkwe alisimama akasema, "Mwanangu amekufa na njaa katika nyumba yenye mke." Hakuna aliyemkanya, maana mama aliyefiwa hakanywi. Fundi alikuwa ameshika sahani ya wageni. Akaendelea kuishika. Sentensi ile akaimeza nzimanzima, na tangu siku hiyo haikuwahi kushuka wala kutoka.

Na wala hakuwa amemnyima mumewe chakula. Mume aliugua tumbo, hospitali wakalikata, wakaliacha dogo kama la mtoto, wakampa Fundi karatasi ya masharti. Chakula laini, mara sita kwa siku, kisizidi nusu kikombe kwa mara moja. Fundi ni mtu wa vipimo. Akikuambia mkono wa gauni ni inchi kumi na nane, huo ni kumi na nane. Alipima nusu kikombe mara sita kwa siku kwa miezi mitano, na mumewe akawa anaitazama ile nusu na kusema, "Mke wangu, hiki ni chakula au umeniletea nionje?" Walicheka. Halafu akaendelea kupungua mpaka pete ikawa inamdondoka kidoleni, na mwisho hakukuwa na la kucheka.

Kilichomkera Fundi zaidi ya ile sentensi ni jambo ambalo hakuna aliyelijua. Mumewe alikuwa mwendesha gari la farasi. Miaka kumi na mmoja alivuta magunia ya unga kutoka kiwandani hadi kwa waoka mikate, yeye na farasi mmoja wa rangi ya kahawia aliyemwita Meneja. Alisema farasi yule anatembea kama mtu anayekwenda kukagua kazi za wenzake, na kila mlango ulio wazi lazima aingize pua. "Mimi ni dereva tu," aliwaambia wateja. "Mwenye kampuni ni huyu." Alipolala kitandani, kila jioni aliuliza, "Meneja amekula?" Fundi alimjibu, "Amekula." Alijibu hivyo bila kwenda bandani hata mara moja, kwa sababu mgonjwa hakumwachia nafasi ya kwenda. Dereva wa kibarua aliyeachiwa farasi alimfanyisha kazi asubuhi mpaka jioni, akamlisha mabua, na chakula chenyewe akakiuza.

Msiba ulipokwisha Fundi akaenda bandani, akakuta mbavu zinazohesabika na uti wa mgongo uliosimama kama paa la hema. Farasi akamsogelea, akamnusa mikono, akanusa na nyuma yake, akimtafuta mtu mwingine. Fundi alilia pale kuliko alivyolia makaburini.

Kaka yake alipokuja kumchukua arudi kwao, kwa kuwa mjane asiye na mtoto hana cha kungoja kwa wakwe, Fundi alimjibu kwamba haendi mpaka Meneja anenepe. Kaka akadhani ni utani. Haukuwa utani. "Amekula" ile ya kila jioni ilikuwa uongo, na mtu aliyeambiwa uongo huo hayupo tena wa kuombwa radhi. Kilichobaki ni kuufanya uwe kweli.

Daktari wa mifugo akaitwa. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye buti za mpira na sauti ya mwalimu wa zamu. Alimfungua Meneja mdomo, akampiga meno tupa kwa sababu yalikuwa yameota ncha na kumchoma mashavu, akampa dawa ya minyoo, kisha akawasimamisha wale wanawake wawili mbele yake kama wanafunzi. Majani makavu, alisema, ale kadiri apendavyo. Maji yasikatike. Jiwe la chumvi lining'inizwe alambe. Shayiri iliyolowekwa, ipimwe kwa kopo tupu la maziwa, moja asubuhi na moja jioni, na kijiko cha mafuta ya kula na kimoja cha unga wa madini. Nyongeza ataitangaza yeye mwenyewe, kila akija kukagua.

Mama mkwe akauliza, akimtazama daktari na si mkamwana wake, je, farasi akiomba zaidi?

"Farasi anaomba siku zote, mama. Kuomba ndiyo kazi yake. Lakini huyu amekaa na njaa muda mrefu, tumbo lake limesahau nafaka. Na jambo moja mlishike. Mtu akivimbiwa atatapika, mbwa atatapika. Farasi hatapiki. Kilichoingia kimeingia. Huruma zenu ziwekeni kwenye majani. Kwenye shayiri nifuateni mimi."

Wote wawili wakaitikia ndiyo. Na kwa wakati ule walimaanisha.

Kila Jumamosi walimpima. Tepu ya Fundi ya kushonea iliishia sentimita mia na hamsini, na kifua cha farasi hata akikonda namna gani hakiishii hapo, kwa hiyo alishona tepu mbili zikawa moja. Kazi hiyo inahitaji watu wawili. Mmoja ashike ncha juu ya mabega, mwingine ainame aipitishe chini ya kifua, aipandishe upande wa pili. Fundi aliinama, mama mkwe akashika ncha. Tepu ilipokutana, vidole vyao vilikutana pia, kila mmoja akavirudisha upesi. Mia na hamsini na mbili. Fundi aliandika ukutani kwa makaa, mama mkwe akaitazama tarakimu, akatoka zake.

Sasa, masharti ni rahisi ukiwa umekaa kitako. Ukiwa umesimama mbele ya farasi aliyekonda, amemaliza kopo lake, anaramba sakafu ya ndoo mpaka inazunguka, kisha anainua kichwa kukutazama, hapo ndipo masharti yanapokuwa na uzito wake. Fundi alivumilia siku nne. Siku ya tano, mchana, mama mkwe akiwa amelala na redio inamwimbia, aliingia bandani na shayiri kiganjani. Kiganja tu. Alijiambia kiganja si kopo. Tayari alishafuata karatasi ya daktari mmoja mpaka mwisho, mpaka kaburini, na alichopata ni ile sentensi. Safari hii hakuna atakayesema kiumbe amekufa na njaa mkononi mwake. Wiki ya pili kiganja kikawa nusu kopo. Wiki ya tatu kikawa kopo zima, na hakulichora ukutani.

Meneja akanenepa. Mia na hamsini na tano. Mia na hamsini na tisa. Manyoya yakaanza kung'aa, mbavu za nyuma zikajificha, akarudia tabia yake ya kuingiza pua dirishani mwa jiko. Jumamosi moja mama mkwe, akishika ncha ya tepu, alisema, kwa farasi bila shaka, "Angalia tumbo hilo. Sasa ndiyo unafanana na cheo chako." Fundi alikuwa ameinama chini ya farasi, akatabasamu huko huko chini alikokuwa haonekani. Aliona kwamba ukimya wa nyumba ile ulikuwa umeanza kulegea mishono. Usiku ule alisahau kuchukia.

Tatizo lilikuwa gunia. Gunia la shayiri lililotakiwa kumaliza miezi miwili lilifika chini ndani ya mwezi mmoja. Fundi alihesabu akilini, akaona kopo lake la siri halitoshi kueleza pengo lile, akashtuka kidogo. Kabla hajafikiri zaidi akamsikia mama mkwe uani akiwaeleza kuku kwamba banda limeingiwa na panya. Fundi akalidaka neno hilo kwa mikono miwili. Panya, naam. Nani atakataa panya? Akanunua mtego, akauweka nyuma ya gunia, na siku mbili baadaye ukanasa panya mmoja mdogo, mwembamba kuliko Meneja alivyokuwa siku mbaya zaidi. Maskini yule panya alibeba kesi ya gunia zima. Mama mkwe alimtazama akatikisa kichwa na kusema wezi wa siku hizi hawana haya. Fundi alikubali, na kila mmoja akaenda zake akiwa na moyo mweupe. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, lakini nani hujipekua nguo zake mwenyewe?

Daktari alipokuja kukagua, alimsifu farasi, akausoma ukuta mstari kwa mstari, akawasifu na wao. Alisema haba na haba hujaza kibaba, na wasiongeze chochote mpaka arudi tena.

Wiki ya saba, Jumanne asubuhi, Fundi alimkuta Meneja ameloa jasho. Alikuwa amenyoosha miguu ya mbele kana kwamba ardhi inamchoma, anageuza shingo kutazama ubavu wake, anaparuza sakafu, anatulia, anaparuza tena. Ndoo ya jioni ilikuwa na shayiri ambayo haikuguswa. Fundi alimshika kwato. Zilikuwa na moto kama pasi iliyotoka kuzimwa. Alimwita mama mkwe kwa sauti, neno la kwanza kumwambia kwa miezi miwili, na neno lenyewe lilikuwa "Mama". Mama mkwe alikuja bila viatu.

Daktari alifika ndani ya saa moja. Aliweka sikio la kifaa chake tumboni upande huu na upande huu, akasikiliza muda mrefu, uso ukawa mzito. Akageuka.

"Mmempa shayiri kiasi gani?"

Fundi akatazama ukuta. Mistari miwili kwa kila siku, iliyonyooka kama mshono. Ulimi wake ulikuwa tayari kusema, lakini pembeni yake alisimama mwanamke aliyeiambia dunia nzima kwamba yeye ni muuaji wa njaa, na sasa angemsikia akikiri kwamba ni muuaji wa shibe. Akasema, "Kama ulivyoandika."

Daktari akamgeukia mama mkwe. Mama mkwe naye akatazama ukuta. "Kama ulivyoandika," akasema.

Daktari akasema ingekuwa nafaka angempitishia mpira puani hadi tumboni amwoshe upesi, kisha ampe mafuta ya kuvisukuma vilivyobaki. Kama si nafaka, basi huenda ni utumbo umejisokota, na hapo mpira hausaidii. Akampiga sindano ya maumivu, akawaagiza wamtembeze taratibu uani, asilale akajigaragaza. Wakamtembeza, mmoja kulia mmoja kushoto, kamba katikati. Meneja alikwenda hatua fupi fupi za mzee. Kila alipopita mlango wa jiko aligeuza pua kidogo, kwa mazoea tu.

Saa nne ikafika, saa tano ikapita. Meneja akapiga magoti. Fundi alimwona akijaribu kuinuka kwa ajili yao, kwa heshima tu, na hapo akashindwa.

"Daktari," alisema, "nilimwongezea. Kopo moja kila mchana, tangu wiki ya tatu. Sikuchora."

Daktari alikuwa ameshaanza kukimbilia begi lake. Mama mkwe alibaki na kamba mkononi.

"Na mimi," akasema. "Huyu akienda kupeleka nguo za watu, nampa farasi makopo mawili. Na unga ule wa madini, vijiko vitatu. Nilidhani dawa ikizidi haidhuru."

Wakatazamana. Ndio panya wenyewe hao, wamesimama uani mchana kweupe.

Mpira ulipitishwa, maji yakaingia na kutoka, yakatoka na shayiri iliyoumuka yenye harufu ya kuchacha. Daktari alifanya kazi bila kupumzika na hakuwagombeza. Saa tisa alasiri alivua glavu akasema farasi anateseka bure. Fundi alikaa chini akakiweka kichwa cha Meneja mapajani. Kilikuwa kizito kuliko alivyofikiri. Alimwambia sikioni kwamba amekula, kwamba kweli amekula. Sindano ilipoingia, sikio lile lilielekea upande wa barabara, kisha likatulia.

Fundi aliuliza kama wangesema asubuhi angepona. Daktari alifunga begi pole pole.

"Sijui," alisema. "Labda alishachelewa toka jana. Labda hapana. Sitawadanganya, uongo wa leo umetosha."

Lori likaja kumchukua kabla jua halijazama. Banda likabaki na ndoo, jiwe la chumvi lililolambwa likachongoka, na ukuta wenye mistari yake mizuri ya uongo. Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya gunia. Fundi aliokota tepu, akaanza kuikunja, na ndipo mama mkwe akasema, bila kuinua macho:

"Na mwanangu pia."

Fundi hakuelewa. Mama mkwe akaendelea kwa sauti ile ile ya chini, kama mtu anayetoa vitu mfukoni kimoja kimoja. Fundi alipokuwa akienda kupeleka nguo, alisema, yeye aliingia kwa mwanawe na mchuzi, na nyama, na mkate. Mwana alikuwa anakula ili kumfurahisha mama yake. Halafu anatapika.

"Yeye alitapika," mama mkwe alisema. "Kila mara. Nikaosha beseni kabla hujarudi. Akaniomba nisikuambie, akasema ungevunjika moyo na vikombe vyako. Alipokufa nikajua nilichokuwa nafanya. Nikakutafutia wewe kosa, kwa sababu langu lilikuwa kubwa, halikai kwangu."

Miezi miwili Fundi alikuwa akiota mama mkwe huyu anatamka kwamba alikosea. Katika ndoto hizo alikuwa akijisikia mwepesi. Sasa amelisikia, na wepesi haukuja. Ilikuja hasira kavu, na chini ya hasira hiyo mume wake, akimeza mkate wa mama na nusu kikombe ya mke, akiwatunzia wote siri, kama farasi wake. Alitoka bandani. Akampigia kaka yake simu aje, akafunga begi, akaifunika cherehani.

Kaka alisema atafika siku ya nne. Siku ya kwanza, sufuria haikugonga jikoni kwa zamu ya mama mkwe. Fundi hakujali. Siku ya pili redio haikuwashwa na kuku walipiga kelele za njaa. Fundi aliwatupia mahindi akarudi ndani. Siku ya tatu alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma. Mama mkwe alikuwa amelala akitazama ukuta, na mifupa ya bega lake ilikuwa imesimama chini ya kanga. Fundi aliijua ile mifupa. Alikuwa ameshaiona mara mbili katika nyumba hii.

Hakumsamehe siku ile, na tusimsingizie. Alisimama pale akimchukia kabisa. Kisha akaenda jikoni, akakoroga uji, mwepesi, bila maziwa, kwa kuwa tumbo lililokaa tupu siku tatu halibebeshwi mzigo. Akachukua kikombe kile kile cha vipimo, kilichokaa kabatini tangu msiba. Akajaza nusu. Akaenda nacho, akamkalisha mama mkwe, akamwekea mto mgongoni, akamshikisha kikombe kwa mikono yote miwili kwa sababu mmoja haukutosha.

Mama mkwe alitazama ndani ya kikombe. Machozi yalikuwa yanamshuka yenyewe, hakuyafuta.

"Kidogo hivi?" akauliza.

"Kidogo hivi, mama," Fundi akasema, akakaa kitandani pembeni yake. "Kunywa. Kesho tutaongeza."